Wasifu wa Lady Gregory, Mkusanyaji wa Masimulizi ya Watu wa Sidhe

Mtahiniwa, katika sura iliyotangulia tulipitia utafiti wa fasihi simulizi: maandalizi, kwenda nyanjani, kuhoji, kurekodi na kuhifadhi. Wengi wenu mnazikariri hatua hizo kama wimbo wa shule, na mtahini akigeuza swali kidogo tu, kalamu inakwama. Kwa sababu hiyo sura hii haikupi orodha nyingine ya kukariri. Inakupa maisha ya mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo kabla vitabu vya kiada havijaieleza, akiwa na daftari, kalamu na masikio. Uisome pia kama mfano wa wasifu. Unajua tayari kwamba wasifu huandikwa na mtu mwingine na tawasifu huandikwa na mwenyewe. Jambo linalosahaulika katika chumba cha mtihani ni kwamba wasifu si sifa tupu: mhusika huelezwa pamoja na mazuri na makovu yake. Huyu wetu anayo yote mawili.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Isabella Augusta Persse. Alizaliwa tarehe 15 Machi 1852 katika jumba la Roxborough, kaunti ya Galway, magharibi mwa Ayalandi. Fahamu vyema nchi ilivyokuwa wakati ule, maana bila hilo hutaelewa chochote kinachofuata. Ayalandi ilitawaliwa kutoka London. Ardhi kubwa ilikuwa mikononi mwa familia chache, nyingi zikiwa za Kiprotestanti na zenye asili ya Uingereza. Wakulima wengi walikuwa Wakatoliki, walilipa kodi ya shamba, na huko magharibi wengi wao bado walizungumza Kiayalandi, lugha ya jamii ya Kikelti isiyofanana kabisa na Kiingereza. Akina Persse walikuwa upande wa wenye ardhi. Augusta alikuwa binti wa mwisho katika familia yenye watoto wengi, na katika nyumba ile binti hakutarajiwa kusoma sana wala kuuliza sana.

Aliyemfungua masikio alikuwa yaya. Mary Sheridan alikuwa Mkatoliki na mzungumzaji wa Kiayalandi tangu utotoni, na alikuwa na hazina ya masimulizi: habari za mwaka 1798, Wafaransa walipotia nanga Killala kuwasaidia waasi, na habari za viumbe waishio chini ya vilima. Hebu fikiria hali hiyo. Sebuleni husomwa Biblia na huzungumzwa habari za kodi na mbwa wa kuwindia. Kule chumba cha watoto, mtumishi anaeleza ulimwengu mwingine kabisa, ambao wazazi hawaujui ingawa wanamiliki ardhi yake. Msichana alitamani kuijifunza lugha ya yaya wake, lakini katika nyumba ile hakuna aliyeona faida yake. Hamu hiyo ilikaa karibu miaka thelathini bila kupata nafasi.

Tarehe 4 Machi 1880 aliolewa na Sir William Gregory wa Coole Park, karibu na mji mdogo wa Gort. Ndipo alipopata jina la Lady Gregory, kwa kuwa mke wa mwenye cheo cha Sir huitwa Lady. Bwana huyo alikuwa amemzidi umri kwa miaka thelathini na mitano. Aliwahi kuwa gavana wa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, kuanzia mwaka 1872 hadi 1877. Alikuwa msomi, msafiri na mpenda picha za sanaa. Majira ya baridi ya 1881 na 1882 waliyapitisha Misri, ambako Augusta alimtembelea mke na mama wa Ahmed Urabi, kiongozi wa vuguvugu la Wamisri dhidi ya utawala wa kigeni, na akaandika makala ya kumtetea. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kujulikana. Tuiache hapo.

Kuna jambo la Sir William usilopaswa kulipita haraka. Mwaka 1847, alipokuwa mbunge kijana, Ayalandi ilikuwa katikati ya njaa kuu. Ugonjwa wa viazi, ulioanza mwaka 1845, ulikuwa umekiua chakula kikuu cha maskini. Kufikia mwisho wa miaka ile watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine wasiopungua milioni moja wamehama nchi. Bunge lilipokuwa likijadili sheria ya msaada, William Gregory alipendekeza kifungu kimoja: mtu yeyote anayekodi shamba la zaidi ya robo ekari asipewe msaada wa umma mpaka alisalimishe shamba hilo. Kifungu kikapita. Mkulima mwenye njaa alibaki na njia mbili, kushika ardhi na kufa nayo au kuiachilia na kuingia na watoto wake katika nyumba ya maskini, yaani taasisi iliyowapa wasiojiweza chakula kidogo kwa kazi ngumu, huku mume, mke na watoto wakitengwa. Kifungu hicho kikaitwa kwa jina lake, na magharibi mwa Ayalandi jina hilo halikusahauliwa. Hilo ndilo jina alilolibeba Augusta alipoanza kubisha hodi kwenye vibanda vya wapangaji.

Mumewe alifariki mwezi Machi 1892. Mjane alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, na mtoto mmoja wa kiume, Robert, aliyezaliwa mwaka 1881. Alivaa nguo nyeusi tangu siku ile hadi kufa kwake, na picha zake nyingi unazoweza kuziona leo ni za mama mfupi, mnene kiasi, aliyefunikwa weusi. Usidanganywe na picha. Kazi yote inayomfanya akumbukwe aliifanya baada ya kuvaa nguo hizo.

Mwaka 1893 alivuka bahari hadi Inisheer, kisiwa kidogo kati ya visiwa vya Aran, ambako Kiayalandi kilikuwa lugha ya kila nyumba. Hamu ya utotoni ikaamka. Akaanza kujifunza lugha ile kwa bidii, mtu mzima mwenye kamusi mkononi. Mwaka huohuo mshairi kijana aliyeitwa W. B. Yeats alitoa kitabu cha masimulizi ya viumbe wa kisirini alivyoyasikia kwao Sligo. Lady Gregory alipokisoma alipata wivu, ule wivu wenye faida: mbona Galway yake haina kitabu kama hicho? Alikutana na Yeats kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na kuanzia mwaka 1897 kijana huyo akawa mgeni wa Coole kila kiangazi. Alikuwa dhaifu wa afya na hana fedha, hivyo mwenyeji wake alimlisha, akampa chumba cha kuandikia, kisha akamchukua wakatembea pamoja kwenye vibanda kukusanya masimulizi. Jina la Yeats huenda umelisikia. Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, ile inayosomwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, ilipata jina lake la asili kutoka katika shairi la Yeats.

Sasa tuingie katika masimulizi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye utajiri. Viumbe hao huitwa Sidhe, neno linalotamkwa kama shii. Kwa asili ni jina la vilima vya kale ambamo waliaminika kuishi. Lakini watu wa Galway hawakupenda kulitaja jina hilo ovyo. Walisema Watu Wema, au Wale Wengine, au Waungwana. Hapo bila shaka umeitambua tafsida. Hawakuitwa wema kwa sababu ni wema; waliitwa hivyo ili wakipita na kusikia wasikasirike. Ukitaka mfano wa tafsida usiofanana na ule wa kila mwanafunzi wa kujifungua na kujisaidia, chukua huu.

Futa kichwani picha ya visichana vidogo vyenye mabawa ya kipepeo, maana hiyo ni ya vitabu vya watoto wa mjini. Sidhe wa Galway walikuwa na kimo cha watu, walivaa nguo kama za watu, walikuwa na ng'ombe, ngoma, harusi na vita. Walipita njiani kwa kimbunga kidogo cha vumbi, na mtu aliyekiona alikipisha kwa heshima. Makao yao yalikuwa kwenye maboma ya kale ya udongo, yale ya mviringo ambayo bado yamesambaa katika mashamba ya Ayalandi, na kwenye miti ya miiba inayosimama peke yake. Mkulima hakuukata mti huo hata kama unamzuia kulima. Aliyejenga nyumba juu ya njia yao alijitafutia balaa. Usiku wa kuamkia Mei mosi na ule wa kuamkia Novemba mosi ndio walioogopwa zaidi, kwa kuwa mwaka hugeuka na milango yao huwa wazi. Chuma kiliaminika kuwazuia, na chumvi pia. Chakula chao hakiliwi: aliyeonja hakurudi. Na zilikuwepo familia ambazo mwanamke wa Sidhe alisikika akiwalilia usiku kabla mmoja wao hajafa. Hakuwa muuaji, alikuwa mombolezaji tu, na baadhi ya watu waliona ni fahari kuliliwa naye.

Walitoka wapi? Lady Gregory alikuta visasili viwili vikiishi pamoja. Kimoja ni cha kale: Sidhe ni Tuatha Dé Danann, watu wa mungu mke Danu, walioitawala Ayalandi kabla ya mababu wa watu wa leo kufika. Waliposhindwa vitani, nchi iligawanywa, washindi wakapewa upande wa juu na walioshindwa upande wa chini. Kingine kimekuja na Ukristo: ni malaika waliofukuzwa mbinguni pamoja na Ibilisi lakini kosa lao lilikuwa dogo, hivyo wakasimamishwa njiani, wengine hewani, wengine baharini, wengine ardhini. Mzee mmoja aliweza kusimulia vyote viwili bila kuona ubishi wowote. Ukiulizwa jinsi fasihi simulizi inavyobadilika kulingana na wakati na mazingira, mfano huu utakufaa kuliko sentensi uliyoikariri.

Habari zilizojaa zaidi katika madaftari yake ni za kuchukuliwa. Iliaminika kwamba Sidhe wanawahitaji binadamu. Wanataka kijana mwenye nguvu awasaidie katika mechi zao za mpira wa magongo, kwani bila mtu aliye hai kati yao timu zao hazina nguvu. Wanataka mama aliyejifungua juzi awanyonyeshee watoto. Wanataka mtoto mzuri. Wakimchukua mtu wanaacha kitu mahali pake, kivuli chenye sura yake, ambacho hukonda kitandani, hukataa chakula, kisha hufa na kuzikwa. Walio hai wanalia, lakini mioyoni wanasema aliyezikwa siye.

Soma tena orodha ya wanaochukuliwa: kijana, mama mzazi, mtoto mchanga. Ni walewale waliokufa kwa wingi katika vijiji vile, kwa kifua kikuu, kwa homa ya uzazi, kwa maradhi ya utotoni. Kwa maoni yangu imani hii iliwapa wazazi kitu ambacho daktari hakuwa nacho, yaani nafasi ya kusema kwamba mtoto wao yuko mahali, anacheza, hajaoza. Wasimulizi kadhaa wa Lady Gregory walikuwa wamepoteza watoto au ndugu. Walipoeleza habari za Sidhe walikuwa wakieleza habari za nyumbani kwao.

Lakini imani hiyohiyo ilikuwa na upande wa kutisha. Mwezi Machi 1895, katika kaunti ya Tipperary, mwanamke kijana aliyeitwa Bridget Cleary aliugua. Mumewe, Michael, alijishawishi kwamba aliye kitandani si mkewe bali ni kiumbe kilichoachwa na Sidhe. Akamlazimisha kunywa dawa za mitishamba, akamtesa mbele ya jamaa, na mwishowe akamchoma moto. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa kifungo cha miaka ishirini, akatumikia kumi na mitano. Magazeti ya London yaliishangilia kesi hiyo kama ushahidi kuwa Waayalandi ni washenzi wasioweza kujitawala. Sasa angalia tarehe. Lady Gregory alianza kuzunguka vijijini akiuliza habari za Sidhe miaka michache tu baada ya kesi ile. Kwa mkulima, kumweleza mwenye ardhi kwamba anaamini kuchukuliwa ilikuwa hatari: angeweza kuchekwa gazetini, kukemewa na padri, au kuhesabiwa miongoni mwa watu wa namna ya Michael Cleary. Kwa hiyo ukikuta swali kuhusu changamoto za mtafiti nyanjani, usiishie kwenye mvua na ukosefu wa fedha. Changamoto kubwa kuliko zote ni kuaminiwa.

Aliaminiwaje basi? Kwanza, aliingia na lugha. Kiayalandi chake kilikuwa na makosa lakini kilikuwa kile cha wasimulizi, na tajiri anayejifunza lugha ya maskini hakuonekana kila siku. Pili, hakuwa na haraka, alirudi nyumba moja mara nyingi na kwa miaka mingi. Tatu, hakuwacheka. Hakusema anaamini na hakusema haamini, alisikiliza. Na mara nyingi aliwaficha wasimulizi chini ya jina la kawaida tu, au akaandika kwamba ni mzee fulani au mwanamke fulani, ili padri na jirani wasijue nani kasema nini. Leo tunaiita hiyo maadili ya utafiti.

Mahali alipopata vitu vingi kuliko popote ni katika nyumba ya maskini ya Gort. Humo walikuwamo wazee wasio na jamaa, wengine wao watoto wa miaka ya njaa, wakingoja siku zao. Hawakuwa na ardhi wala ng'ombe, ila kumbukumbu zao hazikuwa zimechukuliwa na sheria yoyote. Mjane wa Sir William Gregory alikaa nao, akiwasikiliza wakisimulia habari za majumba ya dhahabu chini ya vilima na wana wa wafalme. Alishangazwa na tofauti kati ya utajiri wa hadithi na umaskini wa ukumbi ule, na aliiandika tofauti hiyo. Juu ya kifungu cha 1847 alipendelea kumtetea mumewe kama mtu mwema aliyekosea. Mimi sioni kwamba utetezi huo unatosha. Hata hivyo, alirudi tena na tena kwenye nyumba ile, na waliomsimulia waliendelea kumsimulia.

Alimfuatilia pia Biddy Early, mganga wa Feakle katika kaunti ya Clare, ingawa alikuwa amefariki mwaka 1874. Biddy alikuwa na chupa ambayo, kwa mujibu wa watu, aliitazama akaona yaliyofichika: nani kachukuliwa, nani atapona, farasi wa nani yuko wapi. Mapadri walimpinga vikali, na wagonjwa walimwendea usiku. Lady Gregory alifunga safari hadi Feakle, akakiona kibanda na kuzungumza na waliomfahamu. Kila mmoja alikuwa na Biddy wake. Mmoja alisema chupa alipewa na ndugu yake aliyekufa, mwingine akasema na Sidhe wenyewe. Mtafiti mvivu angechagua toleo moja na kuyatupa mengine. Yeye aliyaandika yote, moja chini ya jingine, kila moja kwa sauti ya msimulizi wake.

Suala la sauti lilimsumbua sana. Vitabu vya wakati ule viliwafanya Waayalandi wazungumze Kiingereza cha vichekesho. Lady Gregory alisikia kwamba Kiingereza cha wapangaji wake kilikuwa na muundo wa Kiayalandi ndani yake, mpangilio wa maneno na mahadhi yaliyotoka lugha ya mama. Badala ya kukisahihisha, akakiandika. Kwa kuwa parokia yao iliitwa Kiltartan, lugha hiyo ya kimaandishi ikapewa jina hilo, na waliomkejeli hawakukosekana. Kwa lugha hiyo alitoa mwaka 1902 kitabu cha mighani ya Cú Chulainn, shujaa wa Ulster. Kama umesoma habari za Fumo Liyongo utasimama hapa kidogo: Cú Chulainn alipojeruhiwa vibaya alijifunga kwenye jiwe lililosimama ili afe akiwa wima, na maadui hawakuthubutu kumkaribia hadi ndege alipotua begani mwake. Liyongo naye alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji. Hakuna aliyemwibia mwenzake, bahari na nchi nyingi ziko katikati. Mwaka 1904 akafuatisha kitabu kingine, cha miungu na wapiganaji wa kale.

Habari za tamthilia nitazipitisha haraka, kwani zinatosha sura nyingine. Yeye, Yeats na jirani yao Edward Martyn walipanga mwaka 1897 kuanzisha jumba la maonyesho la Kiayalandi, na tarehe 27 Desemba 1904 ukumbi wa Abbey ulifunguliwa Dublin, mchezo wake mmoja ukiwa miongoni mwa ile ya usiku wa kwanza. Aliandika tamthilia zipatazo arobaini, nyingi fupi na za kuchekesha, zenye watu wa vijijini. Alianza kuandika michezo akiwa amekaribia miaka hamsini. Ile ya mwaka 1902 kuhusu bibi kizee anayewaita vijana kuipigania Ayalandi, iliyochochea mioyo ya kizazi kizima, ilitangazwa kwa jina la Yeats. Leo wahakiki wanakubali kwamba sehemu kubwa aliiandika yeye. Hakudai hadharani.

Wakati huo madaftari ya Sidhe yaliendelea kungoja kabatini. Mwaka 1915 mpwa wake Hugh Lane, mkusanyaji wa picha za sanaa, alizama na meli ya Lusitania. Tarehe 23 Januari 1918 mwanawe wa pekee, Robert, rubani wa vita, aliuawa Italia. Aliacha mke na watoto watatu. Mtu aliyekuwa ameandika kurasa nyingi za mama waliosema kwamba mtoto wao hakufa bali alichukuliwa, sasa alikuwa mama wa namna hiyo, ila yeye hakuwa na Sidhe wa kumlaumu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1920, aliyatoa madaftari yale yakawa kitabu cha majuzuu mawili kuhusu maono na imani za magharibi mwa Ayalandi, kikiwa na insha na maelezo ya Yeats. Ilikuwa imechukua zaidi ya miaka ishirini.

Nchi nayo ilikuwa ikiwaka. Kulikuwa na vita vya kudai uhuru, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na majumba ya wenye ardhi yakachomwa moja baada ya jingine. Roxborough, nyumba aliyozaliwa, ilichomwa mwaka 1922. Mpangaji mmoja alipomtishia maisha, mama huyu wa miaka sabini alimwonyesha dirisha ambalo hukaa kila jioni akiandika, na kumweleza kwamba pazia huwa wazi na kumpiga risasi ni rahisi. Coole haikuchomwa.

Hata hivyo haikubaki yake. Mwaka 1927 ardhi na nyumba viliuzwa kwa serikali, na Lady Gregory akabaki Coole kama mpangaji anayelipa kodi. Lichukue neno hilo, mpangaji, ulirudishe kwenye mwaka 1847, uone lilivyozunguka. Aliugua saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, akaendelea kuandika shajara yake. Alifariki nyumbani Coole tarehe 22 Mei 1932, akiwa na umri wa miaka themanini.

Nyumba ilibomolewa mwaka 1941, mawe yake yakauzwa. Bustani ipo, na ndani yake umesimama mti mmoja mkubwa wenye majani ya rangi ya shaba, ambao wageni wake waandishi walikuwa wakichonga herufi za majina yao kwenye gome. Herufi za Yeats zipo, na za wengine wengi unaoweza kuwakuta katika vitabu vya fasihi. Wazee wa nyumba ya maskini ya Gort hawakualikwa kuchonga. Maneno yao yamo katika yale majuzuu mawili, moja chini ya jingine, mengi bila majina.